Kemo na Kazi: Usijiuzulu Kabla ya Dozi ya Pili

Swali la kazi wakati wa kemo ya saratani huletwa kwa sura nyingi, ila ni lile lile. Mwalimu ameandikiwa dozi 6 na anauliza kama aombe likizo bila malipo. Fundi cherehani anataka kujua kama auze mashine moja apate nauli ya kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road. Mlinzi wa usiku haogopi dripu, anaogopa kupoteza lindo. Mama lishe anauliza kwa mkato: niendelee au nifunge?

Kwa karibu wote jibu langu ni hili: usiamue sasa. Hakuna anayeweza kukwambia leo mwili wako utaipokeaje dawa, hata daktari bingwa. Wagonjwa wawili wanakaa viti vinavyopakana, dawa moja, umri mmoja. Mmoja yuko dukani kwake baada ya siku nne, mwenzake hajiwezi wiki mbili. Basi mpaka umalize mzunguko wa kwanza, yaani kutoka dripu moja hadi inayofuata, na kuonja dozi ya pili, usiandike barua ya kuacha kazi, usiuze kitendea kazi, usikope, wala usimwahidi bosi jambo la miezi sita. Omba ruhusa ya mzunguko mmoja. Ukiisha, omba mwingine kwa kuangalia ulivyokwenda ule wa kwanza.

Wapo wachache ambao siwaambii wasubiri. Nitawafikia.

Uliza haya kabla ya kuchomekewa dripu

Kliniki za saratani zina foleni, na dakika zako na daktari ni chache. Nenda na karatasi. Usiulize "naweza kufanya kazi?", maana utajibiwa "pumzika, mama" na utatoka ulivyoingia. Mweleze kazi yenyewe: unasimama saa ngapi, unanyanyua nini, unakutana na watu wangapi, unafikaje. Halafu:

- Dawa zangu zinaitwaje, na narudi baada ya siku ngapi? Nyingi hurudiwa kila baada ya siku 21, nyingine kila wiki.
- Ni dozi ngapi kwa jumla, na kemo ikiisha kinafuata nini?
- Ni siku zipi chembe nyeupe za damu zitakuwa chini kabisa?
- Kuna dawa inayoleta ganzi vidoleni? Kuna inayogusa moyo?
- Nikipata homa saa 8 usiku, niende wapi na nimpigie nani?

Swali la pili ndilo watu hulisahau, na ndilo linaloharibu mipango. Kemo mara nyingi si tiba peke yake. Mwenye saratani ya titi huenda akawa na upasuaji na mionzi mbele yake, na mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa. Ukitumia ruhusa zako zote kwenye kemo, utafika kwenye mionzi huna kitu.

Hapa ndipo lilipo kundi la kwanza la wasiohitaji kusubiri. Saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi kila siku ya kazi pamoja na dripu ya cisplatin mara moja kwa wiki. Ukitokea Songea au Kigoma, kipindi hicho utakuwa umehamia karibu na hospitali yenye mashine. Hakuna kazi ya kujadili. Panga nani atashika nafasi yako, kisha usafiri.

Siku za uchovu na siku za hatari si zile zile

Kama ungesoma sehemu moja tu ya makala hii, ningependa iwe hii. Hesabu siku ya dripu kuwa siku ya 1. Kwa dawa zinazorudiwa kila siku 21, wengi hupita hivi:

- Siku ya 1 na 2: unajiona mzima ajabu. Pamoja na kemo hutolewa dexamethasone ya kuzuia kutapika na mzio, nayo huchangamsha. Usiku hulali, alfajiri unafagia uwanja. Nguvu hizo ni za dawa. Usizitumie kupokea zamu ya ziada.
- Siku ya 3 hadi 6: unaanguka. Mifupa inauma, chakula kinanuka, ngazi tatu zinakuwa mlima.
- Siku ya 7 hadi 14: unaanza kula, uso unarudi, majirani wanasema "umependeza". Humo humo ndimo chembe nyeupe, askari wa mwili dhidi ya maambukizi, huwa chini kabisa kwa dawa nyingi.
- Siku ya 15 hadi 21: wiki yako bora.

Uliona mtego? Siku ambazo mwili unakataa kazi hazina hatari sana, maana hata ukitaka hutoki. Hatari iko kwenye wiki ya pili, unapojisikia nafuu na kukimbilia sokoni, kwenye daladala ya saa 12 asubuhi, msibani. Kikohozi cha mtu mmoja kinaweza kukulaza wodini.

Kwa hiyo mwenye kuchagua wiki ya kufanya kazi kwa nguvu achague ya tatu. Wiki ya pili afanye kazi isiyo na msongamano: hesabu, simu, kushona akiwa kwake, kusahihisha madaftari. Ya kwanza ni ya kulala.

Jambo jingine: uchovu hujilimbikiza. Dozi ya nne si kama ya kwanza, hasa damu ikianza kupungua. Ndiyo maana nasema upime upya kila mzunguko. Na tarehe zenyewe hazitabiriki. Unafika kliniki, damu inapimwa, chembe ziko chini, unaambiwa urudi wiki ijayo. Anayetoka mbali hupoteza nauli na malazi. Uliza kama hospitali yako inapokea majibu ya kipimo cha picha nzima ya damu kilichofanyika hospitali ya mkoa wako siku moja au mbili kabla ya safari, baadhi hupokea. Na kazini usiseme "nitarudi tarehe 14". Sema "katikati ya mwezi, nitathibitisha".

Daftari la kila jioni

Nunua daftari dogo. Kila jioni andika mambo matatu: ni siku ya ngapi tangu dripu, nguvu zilikuwa kiasi gani kati ya 5, na kitu gani kilikushinda. Maneno mafupi. "Siku ya 4. Nguvu 1. Nimeshindwa kuosha vyombo." "Siku ya 9. Nguvu 3. Nimekaa dukani saa 3, miguu imevimba."

Watu hulidharau daftari hili mpaka wafike kwa bosi au kwa daktari wakaulizwa "unajisikiaje?" wakajibu "hivyo hivyo". Ukiwa na siku 21 zilizoandikwa, unaweza kumwonyesha afisa utumishi siku za kuomba na siku za kuja. Daktari naye anaona kama dawa ya kutapika inafaa au ibadilishwe. Na wewe mwenyewe unapata jibu la lile swali ulilotaka kuamua kwa hofu.

Homa si malaria mpaka ipimwe

Naiweka hapa katikati ya mambo ya kazi kwa sababu hapa ndipo wafanyakazi hufa bila sababu. Tumezoea: mwili ukichemka unameza Panadol, unanunua dawa mseto duka la dawa, unaendelea na shughuli. Wakati wa kemo usifanye hivyo hata mara moja.

1. Nunua kipimajoto. Kiweke kwenye mkoba wa kazini.
2. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimo ni kidogo, acha kazi papo hapo. Cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo muulize muuguzi mapema namba ya kuanzia kwa kifaa chako.
3. Usimeze Panadol kwanza. Inashusha joto na kuficha ugonjwa.
4. Nenda hospitali yenye maabara, usiku huo huo. Usisubiri kupambazuke.
5. Sema mlangoni: "Nipo kwenye kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Maneno hayo yanapaswa kukutoa kwenye foleni. Onyesha kadi yako ya kliniki.

Malaria ipimwe, ndiyo, lakini hata ikionekana damu yako ipimwe pia. Maambukizi mtu akiwa hana chembe nyeupe huua kwa saa, na antibiotiki za sindano zinatakiwa haraka. Kama kazi yako iko mahali ambapo kutoka usiku haiwezekani, kwa mfano kambi ya mgodi, kisiwani au lindo la peke yako, basi wewe pia umo katika kundi la kutosubiri: hamia karibu na hospitali kabla ya dozi ya kwanza.

Na dawa za maumivu kama diclofenac usijinunulie. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, huweza kuwa chini, na dawa hizo huongeza kuvuja damu.

Kazi kwa kazi

Ushauri wa jumla haumsaidii mtu mwenye kazi mahususi. Nizipitie ninazoulizwa zaidi.

*Bodaboda, daladala, lori, mashine ya mbao.* Hapa sina mjadala. Dawa za kuzuia kutapika na mzio husinzisha, na ganzi ya nyayo humfanya dereva asijue amekanyaga breki kiasi gani. Wiki ya kwanza ya kila dozi usishike chombo. Ganzi ikianza, kabidhi chombo mpaka daktari aseme. Ongea na mwenye pikipiki mapema kuhusu deiwaka, yaani dereva wa kukushikia, na namna hesabu ya kila siku itakavyogawanywa. Ukingoja mpaka hesabu ya siku tano imekosekana, utanyang'anywa.

*Mama lishe.* Adui ni moshi, joto la jiko, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na kuungua mikono. Kaa upande wa kupokea pesa na kupanga, mwingine apike. Kama uko peke yako, funga wiki ya kwanza na utangaze kabla. Wateja husamehe kibanda kilichofungwa kwa taarifa kuliko kinachofunguliwa siku moja na kufungwa mbili.

*Mwalimu.* Madarasa ya awali na la kwanza ni ya mafua, tetekuwanga na surua. Mwombe mkuu wa shule akupangie madarasa ya juu, ratiba, maktaba au usahihishaji kwa miezi hiyo. Wengi hukubali, kwa sababu vinginevyo wangekukosa kabisa. Mwanafunzi akipata tetekuwanga karibu yako, iambie kliniki siku hiyo hiyo.

*Muuguzi, mhudumu wa wodi, mfanya usafi wa hospitali.* Omba kutoka wodini. Usione haya, wewe ndiye unayejua zaidi kilichomo mle.

*Mkulima na mfugaji.* Jembe hukata, mavi ya kuku na mbolea vina vijidudu. Gambuti na glovu kila mara, jeraha dogo lioshwe na kuangaliwa kila siku, na banda la kuku lisafishwe na mtu mwingine. Kama dozi inaangukia kwenye palizi, lipa kibarua. Ni nafuu kuliko kulazwa.

*Muuza samaki, juisi au chochote chenye barafu.* Uliza kama dawa yako ni oxaliplatin, inayotumika sana kwa saratani ya utumbo mpana. Kwa siku kadhaa baada ya dripu, kugusa barafu huleta maumivu kama ya umeme vidoleni, na kinywaji baridi hubana koo.

*Fundi cherehani, msusi, fundi simu, mchapaji.* Kazi za vidole. Paclitaxel, docetaxel, cisplatin, oxaliplatin na vincristine zote zinaweza kuleta ganzi. Jaribio rahisi: funga vifungo vya shati bila kutazama. Siku utakaposhindwa, mwambie daktari kwenye kliniki inayofuata, usingoje imalizike. Wengi huficha wakiogopa dawa kupunguzwa. Daktari akijua mapema anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa. Akijua mwisho, ganzi huweza kubaki miaka. Kwa fundi, vidole ndiyo mtaji.

*Mlinzi wa usiku.* Omba zamu ya mchana. Ukikosa, hakuna cha kufidia usingizi wa usiku. Fikiria ruhusa.

Mfanyakazi wa ofisini ana nafuu akishafika kitini, ila kwa mtu wa Mbagala au Gongo la Mboto, pembezoni mwa Dar es Salaam, kazi inaanza kwenye daladala. Badala ya kuomba siku nzima, omba kuingia saa 4 na kutoka saa 9, mbali na msongamano. Na kama unashika fedha au takwimu, mwenzako apitie kazi yako. Kemo huleta usahaulifu. Si wazimu, na mara nyingi hupungua baada ya matibabu, lakini sifuri moja iliyozidi kwenye hundi haijali sababu.

Na hili ni la kazi zote: kwa saa 48 baada ya dripu, mkojo na matapishi huwa na mabaki ya dawa. Kwenye choo cha kazini au cha wapangaji mwaga maji mengi, funika kabla ya kuvuta maji, nawa kwa sabuni. Anayekusafishia matapishi avae glovu.

Kama umeajiriwa: hesabu ya siku 126

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika kipindi cha miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Unatakiwa uwe na cheti cha daktari, na aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa kawaida bado hana haki ya likizo yenye malipo. Zanzibar ina sheria yake, na watumishi wa umma wana kanuni zao. Muulize afisa utumishi.

Sasa tazama namba. Dozi 6 za kila siku 21 ni siku 126 kamili. Ukilala kipindi chote, mizunguko mitatu ya kwanza unalipwa mshahara wote, mitatu ya mwisho nusu, na siku ya kwanza ya mionzi huna kitu. Lakini ukichukua siku 7 tu za kila mzunguko, utatumia siku 42, zote za mshahara kamili, na utabakiwa na 21 za aina hiyo pamoja na 63 za nusu kwa ajili ya upasuaji na mionzi. Likizo yako ya mwaka ya siku 28 iko pembeni. Muulize mwajiri anavyozihesabu siku, maana wengine huhesabu mpaka Jumapili.

Sisemi kila mtu aweze siku 7. Nasema hesabu hii ifanyike kwa kalamu kabla ya kuomba ruhusa ya miezi mitano kwa mkupuo.

Makosa ninayoyaona:

- Kukaa nyumbani bila ED, yaani karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Kila kutokuwepo kuwe na karatasi, na kila karatasi iwe na nakala kwako.
- Kutia saini barua ya kujiuzulu kwa sababu bosi kasema "utarudi ukipona". Ahadi ya mdomo haina nguvu, na aliyejiuzulu mwenyewe amejifungia mlango wa madai.
- Kusahau kwamba kadi ya bima imefungwa kwenye ajira. Ukiacha kazi kwenye dozi ya tatu, ya nne utailipia mfukoni.
- Kukaa kimya baada ya kufukuzwa. Mwajiri hawezi kukuachisha kwa ugonjwa bila kufuata utaratibu: kuangalia ugonjwa ni wa muda au wa kudumu, kama kuna kazi nyepesi, na kukusikiliza. Asipofuata, malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mgonjwa hupoteza siku hizo akiwa kitandani, kwa hiyo mtume ndugu au chama cha wafanyakazi.

Kenya hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka, kwa aliyetimiza miezi miwili kazini. Siku 14 hazifiki hata dozi ya tatu ukilala wiki nzima kila mara. Soma mkataba wako na makubaliano ya chama, kwani waajiri wengi hutoa zaidi ya hapo, na ratibu dripu ziangukie Alhamisi au Ijumaa ili wikendi ibebe siku mbaya. Hilo la Alhamisi hata Mtanzania aliombe, kama kliniki yake ina nafasi.

Nimwambie nani, na nimwambie nini?

Si lazima ofisi nzima ijue. Anayetoa ruhusa anahitaji kujua ratiba kuliko jina la ugonjwa. Waweza kusema hivi:

"Mkuu, nimeanza matibabu ya hospitali yatakayochukua kama miezi mitano. Kila baada ya wiki tatu nitahitaji wiki moja ya kupumzika, na nitaleta ED. Wiki zinazobaki nitakuwepo. Naomba wiki ya pili nifanye kazi za ndani, mbali na wateja. Baada ya dozi ya pili naomba tukae tena tuone."

Hata hivyo mchague mwenzako mmoja unayemwamini, umwambie yote. Yeye ndiye atakayejua cha kufanya ukianguka, na atakayezima maneno. Maana maneno yatakuwepo: nywele zikitoka, kwa kawaida wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza kwa dawa zinazozitoa, wapo watakaosema umerogwa, wengine watakataa kula nawe. Saratani haiambukizwi kwa sahani wala kwa kukaa pamoja. Sema hivyo mara moja, kwa utulivu, kisha endelea na kazi. Kilemba au wigi ukinunue kabla, si siku nywele zinabaki kwenye mto.

Kama umejiajiri

Sheria haikupi siku hata moja. Biashara yako ndiyo likizo yako, kwa hiyo usiile.

Kwanza, mtaji uutenge na pesa ya matibabu siku ile ile unapopata majibu. Nauli na vipimo vikianza kutoka kwenye droo ya mauzo, duka litakwisha kabla ya dozi ya nne na hutajua lilikwendaje. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Asiye na uwezo aende huko kabla ya kuuza chochote, akiwa na barua ya serikali ya mtaa.

Pili, mfundishe mtu kabla ya dripu. Binti wa dada yako hawezi kujua bei za jumla, wanaokudai na unaowadai kwa kupigiwa simu ukiwa unatapika. Andika yote. Malipo yapite kwenye Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina lako, ili ukiwa kitandani uone kilichoingia. Namwamini mpwa wako, ila hesabu inayoonekana humlinda hata yeye.

Tatu, agiza mzigo wa kuoza wiki ya tatu tu. Nyanya hazijui kwamba una kichefuchefu.

Nne, kikoba. Waambie wenzako mapema, uombe kupunguziwa hisa au zamu yako ya mchezo isogezwe iangukie wakati wa mionzi. Mwanachama anayeeleza kabla huonewa huruma, anayekosa marejesho mara mbili bila neno hufuatwa mpaka nyumbani. Na mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, usiiguse, hata ya laki moja. Mgonjwa ndiye mteja wao bora, maana hana nguvu ya kukimbizana nao.

Cherehani, friji, pikipiki, jokofu la samaki: viuzwe mwisho kabisa. Kukodisha kwanza. Kifaa kilichokodishwa kinaleta pesa na kinarudi.

"Lakini mimi…"

*"Lakini ndugu wanasema kazi itaamsha ugonjwa."* Kazi hailishi saratani. Mwendo mwepesi, kama nusu saa ya kutembea jioni siku unazoweza, husaidia kupunguza uchovu wa kemo kuliko kulala kutwa. Kinachodhuru ni maambukizi, kukosa usingizi, kutokula na kukosa kliniki.

*"Lakini nikibaki nyumbani nitawaza sana."* Ni sababu halali kabisa, na usiione ndogo. Wapo wanaokwenda kazini siku mbili kwa wiki ili tu waitwe kwa jina lao la kazi. Nenda. Ila usikubali upewe kazi ya mtu mwenye afya kwa sababu umeonekana mlangoni.

*"Lakini nataka kuacha. Nimechoka, na tuna uwezo."* Basi acha, wala usitafute ruhusa yangu. Ila iite likizo kwanza. Barua ya kuacha kazi inaweza kusubiri hadi mwisho wa matibabu bila kukugharimu kitu.

*"Lakini nikikosa siku ya kliniki moja kwa ajili ya kazi?"* Hapana. Ukilazimika kuchagua kati ya dozi na kazi, ni dozi. Kuchelewesha mizunguko ovyo kunapunguza nguvu ya tiba nzima. Kama bosi hataki kuachia hata siku ya dripu, hiyo ndiyo kazi ya kuiacha, na hiyo ndiyo siku ya kwenda kwenye chama au Tume.

Dozi ya mwisho si siku ya kurudi

Wengi huahidi kurudi Jumatatu baada ya dozi ya mwisho, wakidhani kemo imekwisha. Dozi ya mwisho ina wiki zake tatu kama nyingine, tena ndiyo nzito. Uchovu huweza kuendelea miezi kadhaa. Daktari apime damu kwanza, aangalie vidole, na kwa waliopewa doxorubicin aulizwe kama moyo unahitaji kipimo kabla ya kazi za nguvu.

Ukiruhusiwa, omba nusu siku kwa wiki mbili au tatu, na andika kwenye barua kazi zipi utaanza nazo, ili usikute miezi mitano ya mafaili mezani. Biashara nayo ifunguliwe kidogo kidogo: meza moja ya chakula badala ya nne, pikipiki kwa safari za mchana tu. Daftari la jioni liendelee mwezi mmoja zaidi. Na siku ya kuripoti iwe Alhamisi, ili ufanye kazi siku mbili, kisha upate mbili za kulala.